Kikombe Kilichofudikizwa

Mikono ya dada yangu ilisimama ndani ya karai.

Ndivyo nilivyojua kwamba kuna jambo, maana dada yangu hakuwa mtu wa kusimamisha mikono. Akiongea, anasugua. Akicheka, anasugua. Hata siku za kulia, na nilikuwa nimeziona nyingi, ungemkuta ameshika kitu anakisugua, machozi yanadondokea humo humo kwenye maji ya sabuni. Lakini asubuhi ile povu lilikuwa linapasuka taratibu kuzunguka mikono yake, na yeye ameinama tu, kama mtu anayesemeshwa kwa sauti ya chini na mtu aliye ndani ya maji.

"Dada, umejikata?"

Povu likaendelea kupasuka.

"Dada!"

Akatoa mikono polepole. Alikuwa ameshika kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, sawa na ndugu zake wote waliokuwa wamerundikana pembeni wakisubiri zamu yao ya kuogeshwa. Alikuwa amekipindua. Maji yakachuruzika, povu likateleza, na pale kitakoni, kando ya mhuri wa kiwandani, akatokea ndege. Ndege mdogo wa kuchorwa kwa ncha ya kisu, amesimama kwa mguu mmoja.

Nilimjua ndege yule. Mtu yeyote aliyewahi kula meza moja na shemeji yangu alimjua.

Wakati huo nilikuwa nauza vyombo vilivyotoka jeshini. Duka langu lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama uchochoro, na nyuma yake ua wenye bomba la maji. Kambi zilipobadilisha vyombo, vile vya zamani vilipigwa mnada, na mzee mmoja muuza vyuma chakavu alikuwa akivinunua kwa magunia na kuniletea. Tulimwita Mzee Kutu, kwa sababu hata kikohozi chake kilisikika kama bawaba isiyotiwa mafuta. Yeye anamwaga, sisi tunaosha, mimi nachambua na kupanga. Wateja hawakukosekana. Akina mama wauza chakula walitaka sahani isiyovunjika. Wastaafu nao walikuja, mashati yamechomekewa vizuri, wakapekua rundo zima wakitafuta sahani ya mesi waliyokula wakiwa vijana. Wakiipata wanaishika kwa mikono miwili, hawaulizi hata kama ina ufa.

Kuvitambua vyombo hivyo nilijifunza nikiwa msichana. Nilimaliza shule ya msingi, nikaingia kuosha vyombo kwenye mesi ya kambi iliyokuwa karibu na kwetu, na humo nikakaa mpaka nilipoolewa. Sahani ya maafisa ni nyembamba, ina mstari wa kijani, na ukiigonga kwa ukucha inaitika kama kengele ya baiskeli. Ya masajenti ni nene, mstari mwekundu, ukiigonga inanung'unika. Ya askari wa kawaida ni bati, na bati halinung'uniki, linapiga kelele. Ila mstari usikudanganye. Sahani za kambini hupandishwa na kushushwa vyeo kuliko hata watu: ikipata ufa kwa maafisa, inapelekwa kwa masajenti, ikaendelee na kazi. Kwa hiyo unaigeuza. Kitakoni pana mhuri, nyota ndogo na tarakimu mbili za mwaka iliotengenezwa. Ukishausoma mhuri, ndipo unasoma uchakavu. Kijiko cha mtu wa mkono wa kulia hulika ncha upande wa kushoto, kwa kukwangua sahani. Uma uliopinda jino la pembeni, huo umefungulia chupa. Mimi nilikuwa na subira ya kukaa na kijiko kimoja mpaka kiniambie kimetoka wapi.

"Wewe mama," Mzee Kutu alikuwa akinitania, "siku moja utaniambia askari huyu alikuwa anapenda chumvi."

"Hilo rahisi. Nipe kazi ngumu."

Hakujua kwamba kazi ngumu alikuwa ameshaniletea, imo ndani ya gunia, imefungwa kwa kamba ya katani.

Shemeji yangu tulimwita Mluzi. Alikuwa askari wa kambi ile ile niliyooshea vyombo, na dada yangu alimpata kwa sababu yangu, akija jioni kunichukua turudi wote nyumbani. Alipiga mluzi akitembea, akipanga foleni, akifunga viatu. Sajenti wake alimkataza mara nyingi, halafu siku moja naye akakutwa anaupiga ule ule wimbo akinyoa ndevu. Vikombe vya askari vilikuwa vinachanganyikana kwenye kuoshwa, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na alama yake: huyu herufi, yule msalaba, mwingine namba. Mluzi akachora ndege.

"Mbona ana mguu mmoja?" nilimuuliza siku moja, nikimrudishia kikombe chake dirishani.

"Wa pili uko likizo, shemeji."

Wakaoana. Akahamishiwa kambi ya mbali, dada akabaki nyumbani kwetu kungoja nyumba za familia zipatikane. Kabla hazijapatikana, mvua zikanyesha, lori la askari likajaribu kuvuka mto, mto ukalichukua. Walikuja wanajeshi wawili nyumbani, nguo zimepigwa pasi, wamevua kofia. Dada aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawauliza kitu kimoja tu: "Mmemwona?"

Wakatazamana. Hawakuwa wamemwona. Baadhi ya waliozama walipatikana, yeye hakupatikana.

Kwa neno hilo dada yangu alikaa miaka. Mchana anafanya kazi kama watu wote, anacheka, anatania, anasugua. Lakini mluzi ukipita barabarani, uwe wa nani, shingo yake inageuka yenyewe. Nilishazoea kumwona katikati ya sentensi anaondoka, mwili umebaki. Wachumba walikuja wakaenda, mpaka watu wakaacha kuleta maneno. Ndipo akatokea Fundi.

Fundi alikuwa anatengeneza saa kwenye kibanda cha pembeni mwa stendi, amefiwa na mke, mtu mfupi wa maneno machache yanayotoka moja moja. Alikuja dukani kwangu kutafuta kisahani cha kuwekea skurubu ndogo ndogo. Akapata kisahani, akarudi kesho yake kutafuta kingine. Alipofikisha cha nne nikamwambia, "Fundi, saa zote za mji huu hazina skurubu za kujaza visahani hivyo. Sema unachotaka." Akamtazama dada yangu, akasema, "Niko njiani, shemeji. Nakuja polepole." Aliniita shemeji siku hiyo hiyo. Mpole, lakini hakuwa mjinga.

Ilimchukua muda, ila dada alikubali. Asubuhi ile ya karai, harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Na sasa dada yangu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika kikombe, maji ya sabuni yanamchuruzikia mapajani.

"Soma mwaka," aliniambia.

Nilichutama karibu naye. Mhuri ulikuwa safi kabisa, nyota yenye ncha zake zote, tarakimu mbili zilizokolea kana kwamba zimetoka kiwandani jana. Nikazisoma. Nikazisoma tena, maana tarakimu hizo zilikuwa zinasema jambo lisilowezekana. Kikombe kile kilitengenezwa miaka mitatu baada ya lile lori kuchukuliwa na mto.

"Sasa niambie," dada akasema. "Mtu aliyekufa anachoraje ndege?"

Nikaigusa ile nyota kwa kidole.

"Alitoka majini," akaendelea, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko nilivyopenda. "Alitoka. Labda aligonga kichwa, labda alipelekwa hospitali ya mbali, hakujijua jina. Watu hupotea wakapatikana. Halafu akarudishwa kambini, akapewa kikombe kipya, mkono ukakumbuka wenyewe. Mkono hausahau. Wewe mwenyewe umeniambia mkono hausahau."

Ni kweli nilimwambia, tulipokuwa tunaongelea vijiko.

"Na kwa nini asirudi nyumbani, Dada?"

"Ndicho ninachokwenda kumuuliza."

Akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia dukani kikombe kifuani, nami nyuma yake. Kimawazo alikuwa ameshafika mbali sana. Nilimwona anahesabu kichwani nguo za kufunga, mabasi ya kupanda, mlango wa kambi wa kubisha. Na sura yake, nisimfiche mtu, ilikuwa imerudi kuwa ya msichana. Hilo ndilo lililonitisha. Uso ule sikuwa nimeuona tangu siku alipovaa gauni la harusi ya kwanza, na nilijua bei ya kuuona tena: angeanza upya kungoja, na safari hii asingebaki na mwili wa kutuachia sisi.

Fundi akaingia wakati huo huo, kama kawaida yake kabla ya kufungua kibanda. Nilikuwa nimeshatenga chai juu ya meza ya dukani, vikombe vitatu.

"Leo umechelewa," nikamwambia, ili nipate kusema kitu. "Saa zako zote zimelala?"

"Saa hazilali, shemeji. Mimi ndiye nilikuwa nazibembeleza." Akavuta kigoda, akakaa, akamwona dada. Tabasamu likabaki mdomoni bila kazi. "Kuna nini?"

Dada akaweka kikombe mezani mbele yake, kitako juu.

"Fundi," akasema, "mume wangu yu hai."

Sijui wanaume wengine wangefanya nini. Nimewaza mara nyingi. Wapo ambao wangecheka, wapo ambao wangepiga meza. Fundi alikisogeza kikombe upande wa mwanga wa mlangoni, akamtazama ndege kwa jicho moja kama anavyotazama ndani ya saa, akasikiliza maelezo yote, ya mhuri, ya mwaka, ya hospitali ya mbali. Hakumkatiza. Dada alipomaliza, akakuna kidevu.

"Basi tumtafute," akasema.

"Tumtafute?"

"Mke wa mtu siwezi kumuoa. Na wewe huwezi kukaa kwangu huku masikio yako yako barabarani. Kesho nafunga kibanda. Twende huko kambini tukaulize. Kama yupo..." Akakizungusha kikombe chake cha chai. "Kama yupo, nitamsalimia, nitarudi na basi la jioni."

Dada yangu akamtazama mtu yule, na nadhani ni hapo alipompenda hasa, asubuhi ile ile aliyokuwa anamwacha.

Mimi ndiye niliyesema. "Nipeni hicho kikombe."

"Kwani hujakiona?" dada akauliza.

"Nimesoma mhuri. Kikombe chenyewe bado."

Nilikichukua nikaenda nacho mlangoni penye mwanga. Sikuwa na haraka. Watu hudhani kutambua chombo ni kugeuza kitako na kusoma mwaka, basi. Mwaka unakwambia kilizaliwa lini. Haukwambii kiliishi vipi.

Nikaanza ndani. Nikapitisha kidole chini kabisa, pale kijiko kinapozunguka kukoroga sukari. Kikombe cha askari, hata kikitumika msimu mmoja tu, chini pale huwa na mikwaruzo ya duara, kama njia ya ng'ombe kuzunguka kisima. Kidole changu kikateleza. Palikuwa laini. Nikatazama ubavuni, panapobaki ule mstari wa chai usiotoka hata kwa jivu. Hapakuwa na mstari. Nikatazama mkono wa kikombe, mahali kidole gumba kinapokaa: rangi nzima, inang'aa.

Ndipo nikapeleka jicho kwenye ukingo. Mnywaji hulamba ukingo mahali pamoja, kwa sababu anakishika kwa mkono ule ule kila siku, na rangi hufifia hapo tu, kipande cha upana wa mdomo. Huu ulikuwa umelika mzunguko mzima. Buluu imekwisha, nyeupe imekwisha, chuma cheusi kimetokeza sawasawa pande zote, kimesuguliwa na ubao wa meza. Na kitako, ambacho ndicho hukaa mezani, ambacho ndicho huchakaa kuliko sehemu yoyote ya kikombe, kilikuwa kizima. Ndiyo maana mhuri ulisomeka vizuri vile. Vikombe vya umri huo katika gunia lile lile, nyota zake zilikuwa zimebaki madoa.

Nilisimama pale mlangoni, na badala ya uchochoro nikaiona ile mesi ya usichana wangu.

Kulikuwa na meza moja, ya pili kutoka dirishani, iliyokuwa na kikombe kilichofudikizwa. Hakuna aliyetueleza habari zake. Tulipofuta meza tulikiinua, tukafuta chini yake, tukakirudisha vile vile, mdomo chini. Siku moja akaja mwenzetu mgeni, msichana tuliyempa jina la Haraka kabla hata mchana haujafika. Haraka akaona kikombe kimegeuzwa, akafikiri ni uvivu wetu. Akakisimamisha, akakijaza chai, akaongeza na sukari ya upendeleo. Askari wakaingia wakicheka, wakafika mezani, wakaacha kucheka. Hakuna aliyemfokea. Mmoja wao, pande la mtu, mabega kama kabati, alikinyanyua kwa mikono miwili, akatoka nacho nje, akaimwaga ile chai chini ya ukuta taratibu kama anayemwagilia mche. Akarudi, akakifuta ndani kwa pindo la shati lake, akakifudikiza mahali pake.

"Huyu hanywi, dada," akamwambia Haraka. "Ila yupo."

Vyombo vipya vilipokuja, na vya zamani vyote kukusanywa, pande lile la mtu lilikuja dirishani kwetu kuomba kikombe kimoja cha ziada. Tukampa. Akakaa ngazini na ncha ya kisu, ulimi umemtoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika, akachora alama ya mwenzao aliyefariki kwenye kitako cha kile kipya. Mesi haikuwa na haki ya kuwanyima nafasi ya mtu wao. Waliipigania kwa kikombe.

Nikarudi mezani. Dada alikuwa ananitazama usoni, sio mikononi.

"Hakijawahi kunywewa," nikasema.

"Una maana gani?"

Nikamwonyesha. Nilichukua kidole chake mwenyewe nikakipitisha chini, nikakipitisha ubavuni, nikakizungusha ukingoni mpaka akahisi chuma. Nikamweleza Haraka na ile chai. Nilisema yote bila kuzungusha, kwa sababu nilikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika akizungusha maneno anamtesa mwenzake bure. "Wenzake wa mezani ndio walioomba kikombe hiki, Dada. Walimwekea nafasi. Kilikaa hivi," nikakifudikiza, "miaka yote, mpaka kambi ilipobadilisha vyombo. Aliyemchora ndege huyu ni rafiki yake."

"Wewe unavijua vikombe," dada akasema. Sauti ilikuwa kali. "Mimi namjua mume wangu."

"Ndiyo."

"Labda alikuwa haoni vizuri. Labda alikuwa mgonjwa, hanywi chai. Labda alikitunza."

"Askari hatunzi kikombe, Dada. Hana kabati la vioo."

"Kila kitu unajua wewe! Tangu utoto! Kijiko unakijua, uma unaujua! Hukuolewa na uma!"

Siku nyingine tungecheka wote watatu. Fundi alitazama chini. Kisha akakohoa kidogo, akasema kwa ile sauti yake ya neno moja moja:

"Huwa naletewa saa za namna hiyo. Mwenye saa amefariki, watu wa nyumbani wanaifuta kioo kila siku, mkanda umechakaa kwa kushikwashikwa. Nikiifungua, ndani meno yote mapya. Haijatembea." Akamtazama dada. "Lakini mimi siamini kwa niaba yako. Ukisema twende, kesho tunakwenda."

Dada yangu akakichukua kikombe. Akakipakata. Uchochoroni watu walikuwa wanapita na shughuli zao, mtu anaita mteja, mtu anaburuta bati, baiskeli inagonga kengele. Chai yetu ilikuwa inaanza kupata utando.

"Mdomo," akasema mwisho.

Nilifikiri anazungumzia mdomo wa kikombe. "Umelika kote, nimekuonyesha."

"Mdomo wa ndege." Akaniinulia kitako. "Umefungwa."

Nikamtazama ndege. Mguu mmoja, jicho la kitone, mabawa yamekunjwa, mdomo mstari mmoja ulionyooka.

"Mluzi hakuwahi kumchora hivi," dada akasema. "Wake alikuwa wazi. Mistari miwili, huku na huku, kwa sababu anapiga mluzi. Ndiyo ilikuwa maana yake yote, mwingine ni ndege tu. Alinichorea mpaka kwenye mchanga, kwenye vumbi la dirisha, kwenye mkono wangu kwa kalamu. Hajawahi kumfunga mdomo."

Nilikaa. Kikombe chake mwenyewe kilikwenda naye kwenye lori. Huyo rafiki yake alichora kwa kukumbuka, na kwa kukumbuka alipata mguu, akapata jicho.

"Umeuona sasa hivi?"

Akatikisa kichwa.

"Umeuona lini, Dada?"

"Ndani ya karai. Kabla hujaniita."

"Na hospitali ya mbali? Na kumuuliza kwa nini hakurudi?"

"Nilitaka awe hai mpaka jioni," akasema. "Basi. Mpaka jioni tu, halafu ningekwambia mwenyewe."

Sasa hivi mimi ni bibi, nina wajukuu wanaonizidi urefu, na bado nikiyakumbuka maneno hayo naacha ninachokifanya. Dada na Fundi walifunga ndoa Jumamosi ile ile iliyopangwa. Waliishi pamoja muda mrefu na vizuri, wakigombana kuhusu madirisha, yeye anataka yafunguliwe, mume anasema vumbi linaingia kwenye saa. Harusi yenyewe siielezi, harusi zinafanana. Ninachotaka kieleweke ni namna asubuhi ile ilivyokwisha, maana watu wengi wakiisikia hadithi hii hudhani dada yangu alilia. Hakulia.

Aliniomba msumari.

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Nilipapasa kwenye mkebe nilipokuwa naweka misumari ya kutundikia masufuria. Kabla sijaupata wa maana, Fundi akawa ameingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa chuma chembamba chenye ncha kali, kile anachotumia kuandikia alama ndani ya mifuniko ya saa.

"Msumari utabandua rangi," akasema. "Tumia hiki. Kishike chini, karibu na ncha. Usikandamize."

Akampa, halafu akageuka kuutazama uchochoro, kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo.

Dada aliinama juu ya kitako cha kikombe. Ilisikika sauti nyembamba, kriii, ya chuma kwenye rangi ngumu, mara moja, ikakoma, ikaja ya pili. Mstari mmoja ukawa miwili, huku na huku, na yule ndege ambaye miaka yote alikuwa ndege tu, akafunguka mdomo.

Akapuliza vumbi. Akakitazama kwa mbali, akakitazama kwa karibu. Akamrudishia Fundi chuma chake, akakifudikiza kikombe katikati ya meza, kati ya vikombe vyetu vya chai.

Fundi akageuka. Akakiona. Akashika kikombe chake akakisogeza pembeni kidogo, kumpa nafasi.